Vigo inagonga stelingi na inahama njia: kabla hujauziwa raki nzima, kaangalie bushi zake

Lumbesa (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu.

Nina Hilux Vigo dabo kebini, D-4D ya 2.5, ile injini ya 2KD. Kazi yake ni kutoa viazi Wanging'ombe kuleta Makambako, na Jumapili inapeleka familia kanisani. Lami inaiona kwa nadra, maisha yake yote ni vumbi na makorongo. Tangu mwishoni mwa mwaka jana ikaanza vituko. Usukani ukiuchezesha kidogo, tairi hazijibu papo hapo, kama gari inatafakari kwanza. Kwenye rasta inagonga ko-ko-ko karibu na miguu ya dereva. Halafu ikifika 80 kwenye lami inatafuta njia yenyewe, na lori likinipita napambana nayo kama nimeshika pembe za ng'ombe.

Nikaenda gereji. Kijana akapiga jeki mbele, akatikisa tairi mara mbili, akafuta mikono kwenye tambara: "Mzee, raki imekufa." Raki, yaani ule mtambo wa chini unaogeuza tairi ukizungusha usukani, ya mtumba laki nne na nusu, hapo bado ufundi na mafuta ya stelingi. Nikamwambia ngoja nikajipange. Huko kujipanga ndiko kulikoniokoa.

Jirani yangu ni dereva mstaafu wa mabasi. Jioni akaja, hata jeki hakuomba. Akasema tairi zibaki chini, weka mawe mbele na nyuma, vuta handibreki, gia iwe huru, washa injini, kisha uchezeshe usukani kushoto kulia kidogo kidogo, usikate mpaka mwisho. Yeye akalala chini na tochi. Dakika moja tu akapiga kelele, "Shuka, njoo uone mwenyewe." Tukabadilishana.

Wakuu, raki nzima, yaani mwili wake, ilikuwa inatembea kwenye chasisi kama droo ya kabati. Kabla tairi hazijaanza kukata, raki imeshahama kama nusu sentimita. Yenyewe haivuji, vumbi kava zake (mipira ya kuzuia vumbi) nzima, ndani haina pleyi, yaani haichezi. Kilichokufa ni bushi, ile mipira inayoishikilia.

Ukifikiria ni jambo jepesi. Usukani unazungusha shafti, shafti inazungusha pinioni (gia ndogo), pinioni inasukuma ile fimbo yenye meno, fimbo inasukuma raki endi (kiungo cha kwenye raki), tairodi endi (kiungo cha karibu na tairi), mwisho tairi. Sasa fimbo ikisukuma kulia, mwili wa raki nao unataka kukimbilia kushoto. Kinachouzuia ni bolti na bushi. Bushi zikilainika, sehemu ya kwanza ya kila mzunguko wa usukani inaishia kusogeza raki badala ya tairi. Ndiyo hiyo "tafakari" niliyokuwa naisikia. Na ile ko-ko-ko ni chuma kinagonga chuma pale mpira ulipokuwa.

Bushi nimeagiza Kariakoo, seti elfu sitini, zinakuja na basi. Jumamosi nafungua mwenyewe nyuma ya nyumba. Mwenye uzoefu aseme mapema kabla sijaharibu.

---

Mama Dereva

Kaka Lumbesa, wewe umenifurahisha. Mimi waliniuzia raki kweli. Nikalipa, ikafungwa, wiki mbili kimya, wiki ya tatu mlio ule ule. Kumbe walitoa raki wakafunga nyingine kwa bushi zile zile za zamani. Raki yangu ya mwanzo sijui iliishia wapi, labda ipo kwenye gari la mtu mwingine inafanya kazi vizuri tu.

Swali: nitajuaje ni bushi na siyo raki endi? Mlio si unafanana?

---

Fundi wa Mwembeni

Nianze na utetezi: si kila fundi mwizi. Wengi wetu tunatikisa tairi gari ikiwa juu kwa sababu ndivyo tulivyofundishwa, na bushi za raki gari ikiwa juu hazijionyeshi sana. Tairi likiwa hewani hakuna mzigo, raki haina sababu ya kukimbia. Mzee wa mabasi yuko sahihi, tairi ziwe chini.

Mama Dereva, kutofautisha ni hivi. Fanya jaribio la Lumbesa kwanza. Mwili wa raki ukitembea kwenye chasisi, ni bushi au bolti zimelegea (usicheke, nimeshakuta gari bushi nzima ila bolti zimejifungua). Mwili ukitulia, sasa piga jeki, shika tairi saa tatu na saa tisa utikise. Kwenye saa tatu na saa tisa Mswahili na Mzungu hawagombani, mikono inakaa pale pale. Likicheza, mtu wa pili aminye vumbi kava ya raki kwa vidole: akisikia kugonga ndani ni raki endi, asiposikia aangalie tairodi endi kule karibu na tairi. Kisha shika saa sita na saa kumi na mbili. Likicheza hapo ni boli jointi (kiungo kinachoshikilia tairi kwenye mkono wake) au beringi ya tairi, na ikiwa ni boli jointi acha habari za bushi, hiyo ndiyo ya kwanza. Boli jointi ikichomoka tairi linalala.

Anayelala chini wakati injini inaunguruma asiweke mkono kwenye tairodi wala karibu na mikanda. Macho tu.

Lumbesa, kabla hujalipia tena chochote: gari ni 4x4 au 4x2? Zile 4x2 za chini raki yake na ushikaji wake ni tofauti. Watu wanaagiza kwa jina la Vigo wanaletewa bushi zinazocheza ndani kama pipi mdomoni.

---

Lumbesa

4x4 fundi. Nilimpa muuzaji namba ya chesisi, siyo jina la gari.

---

Murram254

Salamu kutoka Eldoret. Mimi pia niko na Hilux, na mekanika wangu aliifanyia hiyo hiyo shida dawa ya jua kali. Alikata kipande cha tyubu ya lori akakizungusha kwa ile bushi ya zamani, akafinya na braketi, akaniambia enda ukalale. Kweli ilikaa ngumu kama gari mpya. Mwezi mmoja, mvua ikanyesha, tyubu ikateleza ikatoka, nikaipata imening'inia chini ya gari kama ulimi wa mbwa. Spea ni spea, jameni.

Swali langu: bushi za poli (ile plastiki ngumu) ama mpira? Huku duka zinauza zile za rangi nyekundu wakisema ni za maisha.

---

Fundi wa Mwembeni

Poli ni ngumu kuliko mpira. Usukani unajibu haraka, na mafuta hayaili upesi. Lakini kila kokoto utakalokanyaga utalisikia mikononi, na zikifungwa kavu zinalia kama kitanda cha zamani. Zinataka grisi ya silikoni, na mara nyingi huja na kipakiti chake. Gari ya shamba inayotembea vumbi siku nzima, mimi naweka mpira wa kiwango kizuri. Mtu wa lami anayependa kukata kona, aweke poli.

Mpira usipake grisi ya kawaida wala oili chafu ili uingie. Mafuta ya jamii ya petroli kama hayo yanauvimbisha na kuulainisha. Maji ya sabuni yanatosha, yakikauka mpira unashika.

---

Kipepe_Tanga

Mie naomba kujua habari ya kutu. Gari yangu imekulia hapa pwani, chumvi imekula mpaka bolti za kiti. Nikiangalia zile za raki naona nati na bolti zimeshakuwa kitu kimoja. Nikizishika zitakatika?

---

Fundi wa Mwembeni

Zinaweza. Anza siku mbili kabla: sugua nyuzi zinazoonekana kwa brashi ya waya, nyunyiza mafuta ya kulegeza kutu jioni, asubuhi, na jioni tena. Siku ya kazi kaza kidogo kwanza ndipo ulegeze, ukisikia "taa" imeachia. Rudi mbele na nyuma, usilazimishe upande mmoja. Moto usipeleke pale. Raki ina sili na mipaipu ya mafuta, ukichoma bolti ya elfu mbili utanunua raki ya laki nne. Na nunua bolti mpya mapema, zile za ugumu ule ule, siyo za mlango wa geti.

---

Lumbesa

Jumamosi, saa nne asubuhi. Naandika na mikono michafu, mnisamehe.

Gari iko juu ya stendi mbili chini ya chasisi, jeki nimeiacha kama mlinzi wa pili, tairi za nyuma zina mawe. Nimetoa tairi za mbele (nati za 21 kama kawaida), nimetoa ngao ya chini. Ilikuwa na udongo wa kutosha kupanda mchicha. Kwenye gari hii raki iko mbele ya ekseli, ngao ikitoka unaiona yote.

Tairodi endi nimezifungua kwenye nako tu (chuma kinachobeba tairi), sijagusa nati ya kupimia urefu. Split pini (zile za kuzuia nati isilegee) nimetupa, ninazo mpya. Usipige nyuzi kwa nyundo, piga pembeni mwa sikio la nako lenyewe, mara mbili za nguvu, inadondoka.

Upande mmoja raki imeshikwa na braketi ya bolti mbili juu ya mpira wenye umbo la D. Huo umetoka kwa mkono. Upande uliokuwa umegusana na chuma umekuwa mwembamba kama soli ya kandambili ya mlinzi, na una mpasuko unaopitisha kucha. Upande wa pili ni masikio yenye bushi za duara, na hizo ndizo zenye kiburi.

Ili nipate nafasi ya kuisogeza raki mbele nimefungua shafti ya stelingi pale inapoungana na pinioni. Paipu za mafuta sijafungua, nimeiegemeza raki kwenye tofali na gogo ili isining'inie kwenye paipu.

---

Fundi wa Mwembeni

Umefungua shafti? Ulipiga alama kwanza? Usukani umeufunga?

---

Lumbesa

Alama nimepiga, rangi nyeupe. Usukani kuufunga ndiyo nini?

---

Fundi wa Mwembeni

Simama hapo hapo. Ufunguo uko kwenye swichi?

---

Lumbesa

Ulikuwepo. Mnipe dakika kumi.

---

Lumbesa

Nimerudi na aibu. Wakati nakujibu fundi, mwanangu wa miaka minne alikuwa amepanda kwenye kiti cha dereva, anaenda Dar. Alikuwa amefika Morogoro kwa jinsi usukani ulivyokuwa unazunguka. Nimemuuliza umezungusha mara ngapi, akasema "nyingi". Nikamuuliza upande gani, akaonyesha pote pote.

Sasa nimeharibu nini?

---

Fundi wa Mwembeni

Pengine hujaharibu kitu, ila ungefunga bila kujua ungeharibu. Wasomaji wengine sikilizeni, hapa ndipo wengi wanalia.

Nyuma ya usukani kuna waya bapa umeviringwa kama utepe wa fundi seremala. Unapeleka umeme wa honi na wa eabegi. Gari ikiwa nzima, raki inaweka mpaka: usukani unaenda kiasi fulani kushoto, kiasi kile kile kulia, na utepe una urefu wa kutosha pande zote mbili. Ukifungua shafti mpaka umeondoka, usukani unaweza kuzunguka kupita kiasi. Ukija kufunga shafti utepe ukiwa umeshaviringwa upande mmoja, siku utakapokata kona mpaka mwisho unakatika. Honi kimya, taa ya eabegi inawaka kwenye dashibodi.

Fanya hivi. Chomoa waya wa hasi wa betri, subiri zaidi ya sekunde 90, eabegi iishiwe umeme. Kisha zungusha usukani pole pole upande mmoja kwa vidole viwili, siyo kiganja. Ukianza kugoma, acha hapo hapo. Sasa rudi upande wa pili ukihesabu mizunguko mpaka ugome tena. Gawanya kwa mbili, rudi nusu hiyo. Usukani ukae umenyooka. Hiyo ndiyo kati. Pitisha mkanda wa kiti ndani ya usukani, uufunge kwenye klipu yake ili usisogee. Na funguo mfukoni.

Nakiri hii ni njia ya chini ya mwembe. Njia kamili ni kufungua eabegi na kuangalia alama kwenye utepe wenyewe, lakini hiyo sitaki ufanyie nyuma ya nyumba.

---

Mama Dereva

Mtoto amefika salama Dar?

---

Lumbesa

Amehamishiwa kwa bibi yake. Betri nimechomoa, nimehesabu, nimerudi nusu, mkanda nimefunga. Vidole viwili kweli vinatosha, unasikia kabisa pale unapoanza kugoma.

Nimehamia kwenye zile bushi za duara. Nimejaribu nyundo na kipande cha bomba, nikaona natesa raki. Nikatengeneza kivutio: rodi yenye nyuzi futi moja, nati mbili, washa nene nne. Upande wa kusukuma nikaweka soketi iliyo ndogo kidogo kuliko sikio, upande wa kupokea soketi kubwa ambayo bushi inaingia ndani yake. Unakaza nati pole pole. Ya kwanza ilitoka na mlio kama mtu anavuta buti kwenye tope. Ya pili mpira ulitoka ukaacha ganda la chuma ndani ya sikio. Nikapitisha wembe wa msumeno wa chuma ndani, nikalikata ganda kwa urefu, taratibu, nikisimama kila mara kuangalia nisile sikio lenyewe. Likilegea unalikunja kwa patasi. Hiyo peke yake imekula saa nzima na nusu.

Sikio nimesafisha kwa msasa. Bushi mpya nimepaka maji ya sabuni, nimezivuta ndani kwa kivutio kile kile.

---

Murram254

Kabla ufunge bolti za mwisho, shusha gari kwanza kwa tairi ndio ukaze. Bushi hukazwa uzito ukiwa chini, la sivyo mpira unajipinda unapasuka.

---

Fundi wa Mwembeni

Hiyo ni kweli kwa bushi za wishboni (mkono unaobeba tairi), ndugu yangu wa Eldoret. Mkono wa wishboni unapanda na kushuka, mpira unajisokota, kwa hiyo unakaza ukiwa kwenye kimo chake cha kawaida. Raki imekaa tu, haipandi wala haishuki kwenye bolti zake. Kaza gari ikiwa juu, hakuna neno. Cha maana bolti zote ziingie kwa mkono kwanza, ndipo ukaze kwa zamu, na mwisho spana ya topu (inayopima nguvu ya kukaza) kwa kipimo cha kitabu cha gari lako. Ukikaza upande mmoja kabisa kabla ya mwingine, raki inakaa mshazari.

---

Kipepe_Tanga

Na washa zisibaki.

---

Lumbesa

Saa kumi na moja jioni. Imekwisha.

Shafti imerudi kwenye alama ya rangi, tairodi endi zimekazwa na split pini mpya, betri imerudi, taa ya eabegi imewaka sekunde chache ikazima, honi inalia. Jirani amelala tena chini na tochi, mimi nikachezesha usukani. Kimya. Akasema "rudia". Nikarudia. Akasema raki imetulia kama imechomelewa.

Nimeenda nayo mpaka njia panda na kurudi. Kwenye rasta mlio hakuna. Usukani unajibu pale pale. Ila usukani umekaa umeinama kidogo kushoto gari ikienda moja kwa moja, na tairodi sijagusa urefu. Kosa langu wapi?

Na Kipepe, washa moja imebaki kweli.

---

Fundi wa Mwembeni

Kuinama kidogo kunategemewa. Gari ilishawahi kupimwa alaimenti (unyookaji wa tairi) raki ikiwa imelala upande mmoja kwenye bushi mbovu, wakarekebisha tairodi kufuata ule ubovu. Sasa raki imerudi kwake, tairodi bado zinakumbuka uongo wa zamani. Jumatatu peleka wakapime, waambie waanze kwa kunyoosha usukani na kuufunga, ndipo warekebishe tairodi zote mbili. Usikubali mtu achomoe usukani ausogeze jino moja, atakuwa anaficha tatizo na utepe wako utarudi kwenye hatari ile ile. Mpaka hapo usipakie viazi.

Kama kuinama ni kukubwa, basi huenda ni shafti umeikosea meno.

Washa ina kipimo gani?

---

Lumbesa

Kuinama ni kama upana wa vidole viwili ukipima juu ya usukani.

Washa ni ndogo, ya bolti ya 12.

---

Fundi wa Mwembeni

Bolti za raki ni nene kuliko hiyo. Angalia ngao ya chini.

---

Lumbesa

Ni ya ngao. Nimelala chini tena na tochi, bolti ya nyuma kulia haina washa. Nimeirudisha.

---

Lumbesa

Jumanne. Nimetoka kupima alaimenti. Kijana wa pale alikuta tairi za mbele zinatazamana kupita kiasi, na upande wa abiria kingo ya nje imeshaanza kuliwa. Usukani umenyooka. Nimeipeleka Wanging'ombe tupu, nimerudi na gunia kumi na mbili. Lori mbili zimenipita, sikupambana na chochote.

Nimepita kwa yule kijana wa gereji kumwonyesha bushi za zamani. Ameuliza kivutio nilikitengenezaje, ameomba nimwazime.

---

Mama Dereva

Umempa?

---

Lumbesa

Nimempa, na soketi zake mbili. Arudishe Ijumaa.